Saa Nne ya Mashine

Walichukua mtungi wa gesi, pasi,
na viatu vya Ijumaa vya marehemu baba,
vile vya ngozi vilivyolika kisigino.
Vyangu vipya, vya dukani, waliviruka.
Hilo lilinikera kuliko mtungi.

Nikaenda Mwembe Tayari kwa fundi Kombo,
nikanunua bodi isiyozidi kipande cha mofa
na swichi mbili za sumaku:
vibomba vya kioo, vyembamba kama punje ya mchele,
ndani yake vijiti viwili vya chuma
vinavyogusana sumaku ikikaribia,
vinavyoachana ikienda zake.
Mlango ukifungwa, ndoa. Ukifunguliwa, talaka.
King'ora nilikitoa kwenye pikipiki ya jirani, iliyokufa zamani.

Siku tatu, baada ya Isha, nilikaa sakafuni,
nyumba yetu ya Guraya imejaa
moshi wa lehemu ukipigana na udi wa mama.
"Rukiya, hiyo harufu yafukuza malaika."
"Yafukuza wezi, mama."
Hakujibu. Aligeuza kaa kwa koleo.

Hewa ya hapa ina chumvi, hula chuma kimyakimya;
kila kiungo nikakipaka rangi ya kucha,
nyekundu, iliyobaki harusi ya Mwanakombo.
Stima hapa huondoka bila kuaga;
nikaiwekea betri ya kompyuta kuukuu.
Kisha nikaiandikia sheria:
kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja
mlango ukifunguka, piga kelele.
Na ukifunguka saa yoyote, andika.

Nilisahau kitu kimoja.
Saa zetu za usiku huanza jua likizama;
za mashine huanza watu wakiwa usingizini.
Nne yangu ilikuwa ya kulala, nne yake ya kuamka.
Ikasinzia usiku kucha kama mlinzi asiyelipwa,
asubuhi ikamzomea muuza mbaazi
hadi sufuria likamponyoka,
tui la nazi kibarazani, majirani madirishani,
nami mlangoni na bisibisi na aibu.

Nililipa mbaazi. Nikakata waya wa king'ora,
nikaiacha wiki nzima ikiandika bila sauti.
Kisha nikafungua simu, nikasoma.

Jumatatu, saa nane kasoro dakika kumi usiku:
mlango, dakika kumi na moja.
Jumanne, hakuna.
Jumatano, saa nane kasoro dakika kumi:
mlango, dakika kumi na moja.
Komeo halikuvunjwa.
Komeo letu hufunguliwa kwa ndani.

Ijumaa sikulala.
Nilimsikia mama akitembea bila taa,
kawa ikiinuliwa,
komeo likivutwa, halikulia hata kidogo,
nikakumbuka chupa ya mafuta ya nazi
inayokaa nyuma ya mlango, ambayo sikuwahi kuiulizia.
Nje, viatu vya baba vikakwaruza saruji,
mguu wa kushoto ukiburura.
Baba hakuwa akiburura.
Mselem, tangu aanguke kwenye lori, huburura.

Alikula amesimama.
Mama hakumuuliza mtungi.
Alisema tu, "Kula, mwanangu.
Nduyo yu macho, lakini hana neno."

Nilikuwa na maneno mengi.
Niliyalalia.

Asubuhi nikasahihisha saa,
nikaunga tena waya wa king'ora,
nikaongeza mstari mmoja:
saa nane kasoro robo hadi saa nane na robo,
nyamaza, na usiandike.
Bodi haikuuliza kwa nini.
Mama ndiye aliyeuliza:
"Mashine yako imepona?"
"Imepona."
"Na itamlilia nani?"
"Yeyote asiyezijua saa za nyumba hii."

Akacheka, akarudi kwa mkaa wake.
Jioni nilipitia kwa mshona viatu.
Visigino viwili, vya mpira, namba arubaini na mbili,
viko ndani ya mfuko wa khaki
kando ya kawa.