Pini ya Ruo

Saa kumi na moja alfajiri, Mtama inageuka usingizini,
namkwea mzee kwa ngazi ya vidato viwili;
cha tatu kilibaki Masasi, mwaka wa mafuriko.
Kabla ya ufunguo, mkono: napapasa mipira ya haidroliki,
nanusa oili, nahesabu matone chini ya tumbo.
Matone saba ni afya. Kumi na mawili, namwita Ausi.
Akikauka kabisa, hapo ndipo niogope.

Njano yake imebaki nyuma ya kiti tu,
upana wa kiganja, kama ngozi iliyofichwa na saa ya mkononi.
Beleshi limepigwa viraka mpaka viraka vina viraka.

Wanasema ya kale dhahabu.
Aliyesema hajawahi kuilisha ya kale grisi.
Ya kale ni chuma, na chuma kina njaa.

Ubavuni pana kibati. Herufi zimelika,
limebaki nusu jina, na korongo ndani ya gurudumu la meno.
Korongo huyohuyo yuko kwenye cherehani ya Somoe, mke wangu,
yuko kwenye pampu ya kisima kule Nyangao,
yuko kwenye mizani ya chama cha msingi
(mizani haina kosa; kosa lina vidole).
Mwanangu Likwena akauliza: baba, ni watu gani hawa,
mkono mmoja washona gauni,
mwingine wabomoa mlima?

Nikamwambia: ni wakulima.
Mkulima wa hapa hapandi korosho tupu.
Atapenyeza mbaazi katikati ya mikorosho, ufuta pembeni,
muhogo kule kwenye mchanga, na kuku watatu asiowataja,
ili mwaka bei inapoanguka
watoto wasisikie kishindo.
Ndivyo walivyoishi mabwana hao, huko kwao kwenye baridi:
meli zikikosa mnunuzi, cherehani zililisha karakana;
cherehani zikidoda, pampu zilinunua mkate.
Na mzee wangu alizaliwa mwaka wa shibe.
Bamba nene. Hakuna aliyekuwa anahesabu kilo.

Wako waliopanda kimoja.
Babu mzaa mama aling'oa visiki vyao, Nachingwea:
karanga, karanga, karanga hadi jicho lichoke,
na reli ya kubebea karanga ambazo hazikuja.
Reli nayo iling'olewa. Kipande chake ndicho kengele ya shule,
kingine kinashikilia banda la mbuzi wa shemeji.

Machi, pini ya mkono ilikatika.
Beleshi likashuka na tani tatu za kokoto
futi mbili kutoka kwa Ausi,
naye akasema, "Basi," akaenda kukojoa.
Bosi akaandika barua. Jibu lilichukua wiki sita,
karatasi nzito, korongo juu kwa wino wa dhahabu:
mashine hiyo hatuitengenezi tena,
kitengo hicho tulikiuza,
siku hizi tunauza bima, na vifaa vya kupimia usingizi.
Tunawatakia kila la heri.

Sikuwachukia. Hata mimi niliikata mikorosho ya baba.

Ausi akaenda Ruo kwa baiskeli,
akarudi na ekseli ya behewa, fupi, nyeusi,
iliyokuwa kiti nje ya duka la Mama Chipole.
(Tulimlipa kwa benchi jipya, na bado ananuna.)
Akaikereza Masasi siku mbili, visu vinne vikaisha meno.
"Chuma hiki," alisema, "hakikupata hata mzigo wa kukichosha."
Kikaingia kwa nyundo ya tatu.

Sasa nikiinua, mzee analia sauti ngeni,
sauti ya kitu kilichokuwa kinakwenda Mkwaya
kikachelewa miaka sabini,
kinauliza bado mzigo uko wapi.

Huu hapa, namwambia.
Kokoto. Si karanga, lakini ni mzigo.
Shusha taratibu:
Fuso la kwanza limeshafika, na dereva wake hana adabu na honi.