Miliampea Mbili

Mimi ni mchomeleaji wa Kadutu.
Umeme naujua kwa makovu ya mikono:
ampea mia na ishirini, chuma juu ya chuma,
geti la mtu linasimama.

Kwa hiyo Mugisho aliposema "miliampea mbili"
nilicheka. Hata inzi haamki.
Akalowesha sponji mbili katika maji ya chumvi,
akazifunga kwa mkanda wa mpira kichwani mwa Nankafu,
moja juu ya sikio la kushoto, moja kwenye paji,
taratibu, kama anayefunika yai.
Hakuna kisu, alisema. Fuvu halifunguliwi.
Tunabisha hodi tu, tukiwa nje.

Miaka sita radi ilikuwa ikipiga shavu la kulia.
Upepo wa ziwa tu, radi.
Kijiko cha uji, radi.
Meno matatu yaling'olewa bure,
yote mazima; ninayo bado kwenye kopo la misumari.
Mchungaji aliomba. Shangazi akataja jirani mwenye kijicho.
Na mimi, mume, nilijifunza kulala nikielekea ukuta,
mkono wangu usije ukapotea njia usiku.

Siku ya kwanza: "Inawasha, kama siafu." Basi.
Siku ya nne SNEL wakakata;
kidude kikaendelea na betri yake,
taa yake ya kijani ikawa ndiyo taa pekee
kuanzia Nyawera mpaka Nguba.
Siku ya saba radi ilimkuta kwenye ngazi, akalia,
nikamwambia Mugisho maneno ambayo sitayarudia.
Hakujibu. Akalowesha sponji.

Nani ajuaye ilikuwa siku ipi?
Sikuona muujiza. Nilimwona ananawa uso.
Maji ya baridi, viganja viwili,
shavu la kulia pia,
halafu akasimama palepale, maji yakimdondoka kidevuni,
akingoja
kama mtu aliyesikia hatua mlangoni.
Haikuja.
Iliyokuja jioni ilikuwa ndogo, ya mbali,
kama mvua ya Idjwi inayoshindwa kuvuka maji.

Mugisho anasema haijaondoka, imepunguzwa sauti tu.
Turudi mwezi ujao, na ule unaofuata.
Sawa.

Jana usiku nilivua glavu za ngozi,
nikanawa mikono mara mbili; harufu ya chuma haitoki.
Nankafu akaushika mmoja, akauongoza
polepole, kwa moto mdogo,
mdogo kuliko wote niliowahi kuwasha.