Usiku wa Tumbo la Toru

Saa nne usiku Toru aligeuza shingo
akalitazama tumbo lake
kama mtu aliyeitwa jina na sauti asiyoijua.
Halafu akapiga teke, akapiga magoti,
akataka kugaagaa kwenye theluji.

Nilijua. Hata kabla ya kuweka sikio ubavuni nilijua.
Tumbo la farasi mzima ni kinu kisicholala:
linasaga, linanguruma, linajisemea peke yake.
Usiku ule nilisikia pumzi zangu tu.

Daktari Esenkul alikuwa harusini, ng'ambo ya mlima,
na njia imezibwa tangu Jumatatu.
Alinipigia kelele kutoka katikati ya muziki:
"Mtembeze, Anarkul! Usimwache alale!
Akigaagaa, utumbo utajisokota kama nguo inayokamuliwa.
Mtembeze mpaka anye."
Simu ikakatika, au alirudi kucheza.

Basi tukatembea.
Kutoka langoni hadi kwenye gari bovu la baba mkwe,
kutoka gari bovu hadi langoni.
Jasho lake likaganda shanga shanga kwenye singa.
Mama mkwe alitoka na lile blanketi la mahari yake,
ambalo hata wageni hawaruhusiwi kulikalia,
akamfunika nalo, akarudi ndani, hakusema neno.

Usiku wa deni, tunaambiwa, hauchelewi kucha.
Usiku wa tumbo la farasi huja na kiti chake, ukakaa.

Saa saba Kubat alipiga simu kutoka Yekaterinburg,
yumo ndani ya teksi, anangoja abiria.
"Anaendeleaje?"
Nikamwambia.
"Ufizi una rangi gani?"
Nikamwambia.
"Masikio je, ya moto au ya baridi?"
Nikamwambia na hayo.
Miezi kumi na minne ya teksi imo ndani ya farasi huyu, najua,
kila kwato ina bei yake.
Lakini vidole vyangu kwenye ile kamba
vilikuwa vimeshakuwa vya mtu mwingine,
na hakuna aliyeuliza rangi ya ufizi wangu.

Hilo nilimwambia Toru.
Kuna maneno ambayo hutoka tu
mkiwa mnatembea, mmoja mbele, mwingine nyuma.
Nilimwambia juu ya mimba iliyotoka mwezi wa tatu,
ambayo mama mkwe anadhani ilikuwa mafua.
Nilimwambia kwamba Nurdan akisikia simu ikilia
husema, "Baba huyo," na kuibusu meza.
Nilimwambia pia kuwa simpendi sana, kusema kweli;
mwaka jana aliniuma bega, alama ipo.
Akatembea. Akashusha pumzi ndefu kisogoni pangu,
yenye harufu ya nyasi kavu na ugonjwa.

Mzunguko wa mia na ngapi sijui, nikasimama,
sikio ubavuni.
Mbali, mbali sana, kama lori linalopanda mlima,
kitu kikanguruma. Kikanyamaza. Kikanguruma tena.
Toru akainua mkia.

Madonge manne. Kisha sita.
Yakifuka mvuke juu ya theluji, ya kijani, ya duara, mazuri,
nami nimesimama juu yake nikilia
kuliko nilivyolia siku ya harusi yangu.
Nikamwita mama mkwe aje aone.
Alikuja bila soksi ndani ya mabuti ya marehemu mumewe,
akayamulika kwa tochi, moja moja, kama anayehesabu pesa za mtu asiyemwamini.
"Alhamdulillahi," akasema. Kisha: "Blanketi likaoshwe."

Nilimtumia Kubat picha,
ya kwanza kumtumia kwa wiki tatu.
Akajibu kwa alama ya moyo.
Baadaye, kumeshapambazuka, akaandika: *Kula kitu.*

Niliyasoma mchana.
Nilikuwa nimelala kitini, na viatu vyangu,
kamba ingali imezungushwa mkononi,
na nje mtu alikuwa anapiga ndoo teke,
anadai chakula chake.