Likizo ya Koo

Kuanzia Jumatatu saa moja asubuhi
sauti yangu si yangu.
Naikodisha kwa benki, ghorofa ya sita, Upper Hill,
kando ya mashine ya kahawa iliyoharibika tangu Pasaka.
"Karibu. Unaongea na Kwamboka. Nikusaidieje?"
Mara themanini kwa zamu, mara mia mwisho wa mwezi,
na kila mara natabasamu, maana mkufunzi alisema
tabasamu husikika kwenye waya.
Pesa zimetumwa kwa nambari ya mtu mwingine: pole.
Kadi imemezwa na mashine huko Kitengela: pole sana.
Juzi mwanamume mmoja alimtukana mama yangu
taratibu, kama anayesoma orodha ya sokoni.
Nikamshukuru kwa kupiga.

Jumanne jioni Chepkirui akaniomba tubadilishane:
achukue Jumatano yangu, nimfanyie Jumapili, dadake anaolewa.
Hivyo nikaamka na siku nzima kiganjani
kama chenji niliyorudishiwa kimakosa.
Nguo zilikuwa zimeloweka kwenye beseni.
Nikaziambia: kesho.

Nikatembea kutoka Kawangware, nikayapita malango ya Lavington
na mbwa wake wanaobweka kwa zamu,
hadi bustani ya miti, upande wa Kileleshwa.
Getini nililipa kwa simu, kisha nikaizima.
Ikaimba kile kiwimbo chake cha kuaga.

Julai. Mbingu ilikuwa imefunikwa kama sufuria ya githeri.
Nikavua viatu hata hivyo.
Umande ukaniuma vidole, nikauacha uume.

Chini ya mti niliouchagua palikuwa na mtu,
mlinzi wa usiku, kofia usoni, buti kichwani kama mto,
jina kwenye mfuko wa shati: EKIDOR.
Tukagawana kivuli bila mkataba.

Mama mwenye kitambaa cheupe alizunguka nyasi
akimwambia Mungu mambo yake kwa sauti ya juu.
Nikajikuta namsikiliza kikazi:
tatizo lilianza lini? Kuna nambari ya kumbukumbu?
Hadi nikakumbuka
hakunipigia mimi.

Kwarara watatu wakapita juu, wakilalamika
kwa makoo yao yaliyopasuka.
Wapite. Sikuwaunganisha na idara yoyote.

Kima akashuka, akachukua ndizi kando ya paja langu.
Hakusema tafadhali.
Sikusema karibu tena.

Saa tano kifuniko kikainuliwa.
Jua likaanza miguuni, likapanda
kama mtu anayekufunika shuka akidhani umelala,
na kabla halijafika kifuani
nilikuwa nimelala kweli.

Nilipoamka, kivuli kilikuwa kimehamia ng'ambo ya njia.
Ekidor hayupo.
Gazeti lake lilikuwa juu ya miguu yangu,
kijiwe kila pembe lisipeperuke,
ukurasa wa nafasi za kazi ukitazama juu.
Sijui kama alichagua ukurasa.

Nikafungua mdomo kusema asante,
neno langu la kwanza tangu alfajiri.
Ikatoka sauti nzito, yenye kutu kidogo,
sauti ya nyanya yangu akiita ng'ombe kule Nyamira
ukungu ukiwa haujaondoka.
Nilidhani nilishaiuza.
Nikaisema tena, asante,
kuhakikisha tu.

Alhamisi, saa moja na dakika mbili.
Mteja wa kwanza yuko nje mahali fulani;
nyuma yake namsikia kwarara.
Anatafuta kadi, mfuko huu, mfuko ule.
Sheria yasema ukimya usizidi sekunde sita,
ujaze maneno, mweleze huduma mpya.
Nahesabu sita. Saba. Tisa.
"Hujakata? Uko hapo?"

"Nipo," namwambia. Sitabasamu.
"Tafuta polepole."