Chanzo cha Mwanga

Saa nane na robo mchana, Kyiv, umeme ulikatika tena.
Taa za kijani zilizoizunguka chupa zikafumba,
na sumaku ndogo iliyokuwa ikizunguka ndani
ikalala chini, njiti nyeupe isiyo na kazi.

Mwalimu wangu Horbal hakuwahi kuwa na taa hizi.
Enzi zake florini ilikuja kwa mtungi,
na ilikuja na njaa yake.
Nalikumbuka kovu la kifundoni mwake, jeupe, lenye bonde.
"Haikuuma," alituambia. "Ndiyo hatari yake.
Ilipoanza kuuma ilikwisha fika mfupani."
Bahili wa mabahili: elektroni ikiingia mkononi mwake haitoki.
Mbishie hodi, atabomoa nyumba yako kwanza, ndipo aitike.

Sisi tunamtuma mshenga.
Unga mwekundu, jamaa ya wino wa kusahihishia,
hata ncha ya kijiko haujai.
Mwanga ukimgusa, anainuka,
anachukua kwa huyu, anampa yule,
na florini tatu, zimeng'ang'ania kaboni yao, zinahamia ukweni
bila mtungi, bila moto, bila kidonda.
Naye anarudi alivyokwenda,
hakula mahari, hakupungukiwa,
yuko tayari kutumwa tena.
Ila gizani hatumiki. Gizani mshenga ni rangi tu.

Nje theluji. Jua la Novemba lilibakiza saa moja na ushei.
Nikaichomoa chupa kwenye kibano, nikavaa koti juu ya koti,
nikapanda ghorofa nne mpaka dirisha la kusini,
lile lililozibwa nusu kwa mbao tangu kioo kilipopasuka.
Ostap alinifuata na karatasi ya fedha ya kuokea mikate,
akaitandaza nyuma ya chupa ili miale isipotee bure.
Tukaitikisa kwa mkono, kwa zamu:
mia yake, mia yangu.
Vidole vikafa ganzi. Wekundu ulimetameta kijani pembeni.
Hatukugusia habari za kaka yake.

Umeme ulirudi saa saba usiku.
Mashine ikachora kilele kimoja, chembamba,
kwenye hasi sitini na nne, pale pale nilipokingojea.
Asilimia thelathini na moja. Taa zetu hutupa tisini.
Ostap alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Daftarini, penye "chanzo cha mwanga",
nilipiga mstari juu ya namba ya taa,
nikaandika: dirisha, upande wa kusini, nusu.