Ukurasa wa Sitini na Moja

Mswada niliutuma Dar kwa basi la alfajiri,
umefungwa kamba ya mkonge kama jogoo wa zawadi.
Miezi kumi na minne.
Kisha barua, mistari mitatu na muhuri:
"Umeandika vizuri. Soko, hata hivyo, ni gumu."
Nikaikunja, nikaitia kwenye droo ya cherehani.
Soko nalijua. Nashona sare za shule Barabara ya Kumi na Tatu;
kila Januari soko ni gumu, na watoto bado huvaa.

Singano mpiga chapa alinihesabia kwa vidole vya wino:
karatasi, pleti, gundi, jalada la rangi mbili.
"Ukitaka rangi ya tatu, uza kitu."
Niliuza ovaloki.

Hakuniambia mtu kwamba kitabu kina namba yake, kama gari,
kwamba namba huombwa, fomu hujazwa, na usipokuwa nayo
maduka makubwa hayakufungulii hata mlango wa nyuma.
Hakuniambia mtu nisome mkataba hadi chini.
Hilo alilifanya binti yangu, Mwanakheri,
alipomsomea Singano kifungu cha tano kwa sauti:
"Haki zote ni za nani? Hebu rudia."
Singano akakohoa. Akafuta.
Akaandika jina langu, herufi moja kakosea.

Nakala mia tatu. Arobaini kati yake mbovu:
ukifika ukurasa wa sitini na moja,
mbele yake weupe mtupu, kama sanda.
Sikulia. Nilihesabu mara ya pili.

Duka la Chumbageni walikipokea kwa masharti:
kikiuzwa, thelathini kwa mia ni yao;
kisipouzwa, njoo ukichukue.
Wakakiweka baina ya rula na dawa ya mende.
Mwalimu mkuu mmoja akauliza, "Kina ithibati?"
Mwingine, "Kina maswali mwishoni?"
Shangazi Zena akaomba cha bure,
kesho yake akaja kuomba cha bure cha jirani.

Zile mbovu nikampimia Kibwana wa karanga, kwa kilo.
Siku ya mechi akazichana, akazisokota koni,
riwaya yangu ikaingia Mkwakwani bila tiketi.

Jumatatu, mtu mlangoni. Sare ya ulinzi, viatu vya vumbi la saruji,
mkononi karatasi yenye chumvi, imekunjwa mara nne.
"Kibwana kanielekeza. Wewe ndiye fundi Mwantumu?
Huyu Hadija, barua aliifungua au hakuifungua?
Hapa imeandikwa *akaingiza mkasi kwenye bahasha na.*
Na nini?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni.
Nikazitoa moja moja. Nikataja bei.
Akalipa nusu. Nusu ya pili aliileta mwisho wa mwezi,
pamoja na wenzake wawili wa zamu ya usiku
waliokuwa wameanza kugombana juu ya Hadija.

Nikarudi kwa Singano:
"Nichapie ukurasa wa sitini na moja peke yake. Elfu moja.
Chini uweke namba yangu ya simu, na usikosee."
Akanitazama kama mtu aliyeagiza mikono bila shati.
Nikamgawia Kibwana, nikampa mama wa bagia Makorora,
kinyozi wa Mabawa akabandika yake juu ya kioo.
Mwanakheri anasema haya yanaitwa matangazo.
Mimi nayaita kuonjesha:
muuza machungwa wa Muheza hupasua moja kwanza.

Zimebaki kumi na saba.
Ovaloki sijainunua nyingine; pindo nazishona kwa mkono,
na usiku, mkono ukichoka sindano, naupa kalamu.

Leo imekuja barua nyingine kutoka Dar.
Nene. Muhuri ule ule.
Mwanakheri yuko shuleni, Kibwana anapita anapiga kijiko kwenye kopo.
Nimefuta mafuta mikononi, nimeketi,
nimeingiza mkasi kwenye bahasha na