Seva ya Kumi na Saba

Nimekodi wingu mimi, hapa Maabela,
ambako wingu likipita watu hutoka nje
na simu zao kulipiga picha.
Langu halionekani. Lipo Bahrain,
ndani ya jengo lisilo na madirisha, naambiwa;
sijawahi kulitia machoni, nalituma tu.

Hivi: naandika ombi, natia ufunguo,
herufi arubaini ambazo hata dada yangu simwambii,
nasema, zaa seva. Inazaa.
Nasema, nipe hesabu: wamo wangapi, tangu lini,
kumbukumbu imejaa kiasi gani. Nahesabiwa.
Mia mbili maana yake sawa, bibi.
Mia nne ishirini na tisa: punguza papara, umeuliza mno.
Mia tano na tatu, hapo ndipo ninapovaa miwani.

Mama huniuliza, "Kazi gani hii ya kuamrisha hewa?"
Watoto wanacheza, mama. Wa Suhar, wa Kuwait,
wengine wapo Mombasa, uwanja mmoja.
"Uwanja wenyewe uko wapi?"
Bahrain.
"Na majani nani anayamwagia?"
Hilo kiolesura hakina jibu lake.

Septemba, saa tisa ya usiku.
Joto halijapata habari kwamba shule zimefunguliwa.
Kiyoyozi kinadondoshea ndoo ya pili.
Wachezaji wanapungua kama wageni wa harusi,
mmojammoja, halafu basi zima.
Nina kanuni niliyoiandika mwenyewe, mistari sita:
seva yenye watu chini ya wawili
kwa dakika kumi, izimwe.
Haitham, yuko Dubai, anahesabu hadi fulusi.

Ishirini na mbili zimelala.
Ya kumi na saba yumo mmoja.
Naita orodha. Jina: AzzanTembo7.
Nalijua jina hilo. Nalijua na daftari lake la hesabu,
halijaguswa tangu Jumapili.
Anwani ya mtandao ni hiihii yangu,
nyumba hii, ng'ambo ya ukuta huu.
Na basi la shule linapita saa kumi na mbili na nusu!

Nikavua kandambili nisisikike,
nikashika njia ya ukumbini
na maneno tayari mdomoni, yameshanolewa.

Mlango wa Azzan ulikuwa wazi. Amelala fofofo,
mguu mmoja nje ya kitanda.

Ukumbini, gizani, mbele ya televisheni, mama.
Goti la opereshini juu ya mto,
kidhibiti amekishika kwa mikono miwili
kama bakuli la uji wa moto.
Kwenye skrini mtu mwenye upanga asioutumia
anapanda kilima, polepole,
na mvua inanyesha.

Hakugeuka.
"Hii ya vuli. Tazama inavyokuja ubavuni.
Chake Chake ikianza hivi, kwenye migomba,
na sisi tunakimbilia nguo."
Tangu Machi daktari kamkataza ngazi.
"Walikuwapo watoto wengine, wamekwenda zao.
Mmoja alinipiga, kisha akaniomba radhi.
Usizime taa hiyo ya nje. Sijafika."

Nikarudi mezani. Dakika ya tisa inakatika.
Vidole vilitangulia fikira:
palipoandikwa wawili nikaandika mmoja,
nikatuma.
Mia mbili.
Kwenye nafasi ya sababu nikajaza:
uchunguzi wa hali ya hewa.

Asubuhi Haitham aliuliza
mashine moja imewaka hadi alfajiri kwa ajili ya nani.
Nikamwambia mteja mpya. Mwendo wake wa taratibu,
ila haonyeshi dalili ya kuondoka.

Na mama, anamimina chai ya maziwa, amenuna:
"Kule juu hakuna kitu. Kilima kitupu, jiwe moja.
Leo nitateremka upande wa pili."